Kikombe cha Shangazi Kina Gramu Ngapi?

Mwaka wa kwanza nilioandaa mahamri ya Idi peke yangu, hapa Kibokoni, nilimpigia shangazi simu anipe vipimo. "Unga vikombe vinne, tui kopo moja, sukari nusu kikombe, hamira kijiko, iliki kisia mwenyewe." Nikafuata neno kwa neno. Donge likawa uji. Nikaongeza unga, nikaongeza tena, na mwisho mahamri yakatoka mazito kama mawe. Wageni waliyachovya kwenye chai kimya kimya, na hakuna aliyeomba la pili.

Siri niliipata baadaye, nilipokwenda kwake na mizani mkobani. Kikombe chake ni kile cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, kinachoingia mililita 300. Changu ni cha chai, 250. Tena yeye huchota unga moja kwa moja pakitini na kuushindilia kwa kiganja: gramu 175. Mimi niliuchunga kwanza, nikaumimina taratibu: gramu 125. Piga hesabu ya vikombe vinne. Yeye ana gramu 700, mimi 500, na kopo la tui ni lile lile la mililita 400.

Lau kila kitu kingepimwa kwa kikombe kimoja, ukubwa wake usingekuwa neno. Balaa huanza unga unapokwenda kwa kikombe, tui kwa kopo na hamira kwa kijiko. Na unga ndio mkorofi kuliko vyote, maana hujaa hewa. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni, na kibaba cha tele, kilichojazwa hadi kufurika. Sisi tunasema haba na haba hujaza kibaba, lakini hatuulizi kimejazwaje.

Basi fanya hivi, mara moja tu. Weka kikombe chako kitupu juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha kijaze maji hadi ukingoni. Gramu utakazosoma ndizo mililita zake, kwa kuwa mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Kikaushe vizuri, ujaze unga kwa namna uliyozoea, upime. Rudia mara tatu. Mimi mara ya kwanza nilipata 125, ya pili 138, na mkono ni huu huu! Chukua ya katikati, uiandike ndani ya mlango wa kabati.

Kwa kikombe cha mililita 250, vipimo vyangu ni hivi: sukari kama gramu 210, mchele mkavu 200, mafuta ya kupikia 230, asali karibu 350. Unga wa ngano ni kati ya 125 na 150, kutegemea mkono. Ukichukua mapishi ya Kimarekani kwenye intaneti, kumbuka kikombe chao ni kama mililita 240, kwa hiyo punguza kidogo.

Hamira usihangaike nayo. Kijiko cha chai cha mililita 5 ni kama gramu 3, na mizani nyingi za jikoni hazisomi vizuri uzito mdogo hivyo. Kijiko kinatosha. Tui la kukamua mwenyewe, hilo lipime kila mara, maana nazi za soko la Marikiti hazilingani, na kila mtu ana maji yake ya kukamulia. Iliki mimi bado nakisia.

Idi iliyofuata nilipima gramu 700, nikamimina tui langu, na mahamri yakavimba yote. Shangazi akala matatu, akafuta mikono, akaitazama mizani.

"Na betri ikiisha, mwanangu?"

Nikamwambia kikombe chake nimeshakipima.