Nilifunga njia, nikaacha mlango wazi

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nitumie programu gani ili meseji zangu zisidukuliwe?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo ndilo lililoniponza.

Maana mimi nilikuwa mjuaji. Tangu Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi na majasusi wa Marekani, alipofichua mwaka 2013 jinsi nchi hiyo ilivyokusanya mawasiliano ya watu, niliwahubiria jamaa zangu usimbaji fiche, yaani kuugeuza ujumbe usisomeke na asiyehusika, asubuhi na jioni. WhatsApp ilipokamilisha kuzisimba meseji za watumiaji wake wote mwaka 2016, nilishangilia kana kwamba kazi ile nimeifanya mimi. Barua pepe nazo nilizifunga kwa PGP, programu ya kuzisimba, hata nilipowaandikia watu wasiojua kuzifungua.

Basi, mwenzangu wa biashara akaanza kujua mambo ambayo sikumwambia. Bei niliyopanga kumtajia mteja, yeye keshaitaja. Nikaishuku kampuni ya simu. Nikalipia VPN, huduma ya kuficha safari zangu za mtandaoni, ya mwaka mzima (pesa ile inaniuma hadi leo). Kumbe siku moja tukichapa mkataba nilifungua akaunti yangu ya WhatsApp kwenye kompyuta yake, nikaskani msimbo, na sikuitoa tena. Kila nilichoandika kilimfikia mezani kwake kikiwa kimeshafunguliwa.

Ndugu zangu, usimbaji huu wa meseji, uitwao wa mwisho hadi mwisho, unalinda ujumbe ukiwa safarini tu, kutoka simu yako hadi ya mpokeaji. Anayeunasa njiani hupata vurugu ya herufi. Aliyekaa mbele ya kioo chenye akaunti yako ana haja gani ya kunasa?

Kwa hiyo kabla ya kuniuliza habari za programu, ingia kwenye mipangilio, tazama vifaa vilivyounganishwa, toa usivyovitambua. Sasa hivi, si kesho! Ukiwa hapo, weka PIN ya akaunti, kwa sababu atakayeiteka laini yako ataipokea yeye ile meseji ya uthibitisho. Nakala za mazungumzo zinazohifadhiwa mtandaoni pia zikague: WhatsApp haizisimbi mwisho hadi mwisho mpaka uwashe mwenyewe. Wa Telegram nao wajue kwamba ulinzi huo uko kwenye mazungumzo ya siri pekee, si yale ya kawaida. Halafu rudi tena kwenye vifaa vilivyounganishwa. Nasisitiza kwa sababu najua hukutazama.

Yule mwenzangu hajaniomba radhi. Nilipomuuliza alinijibu: "Kompyuta ni yangu, ulitaka nifumbe macho?"