Barua kwa Mwanangu: Jina Walilomwandikia Idi

Mwanangu Zuhura,

Unauliza kuhusu shemeji yako Idi: ana miaka 21, ana wiki mbili tangu aanze kujibu sauti asizosikia mtu mwingine, daktari amekaa naye robo saa na kwenye kadi ameandika skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo yasiyokuwapo. Mkubali au mkatae?

Kubalini kwamba anaumwa. Jina bado.

Ugonjwa huu hauthibitishwi bila muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dalili zidumu mwezi mmoja au zaidi; ule wa Wamarekani unataka miezi 6. Kwa sasa neno linalomtosha ni saikosisi, yaani hali ya akili kushindwa kutenganisha kilichopo na kisichokuwapo, na saikosisi ina milango mingi: bangi, mirungi, kukesha siku kadhaa mfululizo, baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), kifafa, kaswende, VVU, malaria iliyopanda kichwani. Ulizeni amepimwa nini kati ya hivyo. Akiwa na homa, degedege, au hajui leo ni siku gani na yuko wapi, au anaona vitu zaidi ya kusikia, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hapo mwili ndio wa kutazamwa kwanza. Hata madaktari wenyewe hutofautiana: utafiti uliochapishwa mwaka 1972 uliwalinganisha wa New York na wa London, ukakuta wa New York wakiandika skizofrenia mara nyingi zaidi, ingawa wagonjwa walifanana mno.

Sasa rudini nyuma, kwa sababu kinachotangulia mara nyingi si sauti. Ni kijana kuporomoka polepole kwa miezi: alama zinashuka, haogi, marafiki anawakwepa, usiku ameugeuza mchana, uso hauonyeshi furaha wala huzuni, maneno yanaruka kutoka hili hadi lile. Kisha shaka: majirani wananisema, redio inanitaja. Dalili moja peke yake haina uzito. Kijana aliyeachwa na mchumba naye hujifungia. Tazameni mambo kadhaa yaliyokuja pamoja, yanayoendelea, na yasiyofanana na Idi wa zamani.

Chukueni daftari la kawaida. Kila siku tarehe, saa alizolala, alichokula, alichovuta au kunywa, na maneno yake kama alivyoyatamka. Msiandike “amechanganyikiwa”. Andikeni “amefunika televisheni kwa shuka, akasema inamsikiliza”. Daktari ataweza kulipima neno la pili. La kwanza ni hukumu tu.

Mama mkwe wako anasema ni jini. Usibishane naye. Imani inayoshirikiwa na jamaa wote si dalili, na mfiwa kusikia sauti ya marehemu wake ni jambo la kawaida. Dalili ni ile imani ambayo hata wao inawashangaza. Akitaka asomewe dua, asomewe, bora asifungwe, asichapwe, asinyimwe chakula wala dawa.

Akikueleza sauti zake, usimkatalie na usimuunge mkono. Mwambie: “Mimi siisikii, lakini naona inakutisha.” Kisha umuulize zinamwambia nini. Zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, asiachwe peke yake. Panga, sumu ya panya na vidonge viondolewe, na safari ya hospitali isingoje asubuhi.

Kulihoji jina si kuacha dawa. Hapa ndipo familia nyingi huteleza, maana akishatulia wanasema amepona. Akipata nafuu kamili, kwa kawaida dawa huendelea angalau miezi 12, na kupunguza ni kazi ya daktari, kidogokidogo. Kama amepewa haloperidol, dawa ya kutuliza saikosisi, siku za mwanzo shingo inaweza kupinda, macho yakageuka juu, ulimi ukakakamaa. Watu watapiga kelele kwamba jini limepanda. Ni dawa hiyo. Mrudisheni haraka apewe ya kuilegeza misuli, kama benzhexol, na kipimo kitazamwe upya.

Siku ya kliniki mwende na daftari, na dawa zote alizotumia, hata za mitishamba. Ulizeni mambo mawili: umeona nini hasa hata ukaandika jina hili, na utalitazama upya lini? Daktari mzuri hatachukia, atawapa tarehe. Iandikeni kwenye jalada la daftari, na ikifika bila Idi kuonwa upya, ombeni rufaa kwa mtaalamu wa magonjwa ya akili.

Mama yako