Kabla Hujaandika "Silika", Uliza Samaki Alilelewa na Nani

Wadogo zangu mlioanza mafunzo kwa vitendo hapa ukingoni mwa ziwa, nimesoma madaftari yenu. Katika ukurasa mmoja sato wa tangi la 4 "wana akili, wanamtambua mlishaji". Katika unaofuata dume wa furu, samaki wadogo wa ziwani, anayefukuza wenzake amemalizwa kwa neno moja, "silika", yaani tabia ya kuzaliwa nayo. Hakuna jaribio lililotangulia lolote kati ya hayo, na inaniuma kwa sababu nami niliandika vivyo hivyo.

1. Mpeni mgeni kopo la chakula, nanyi mlikaribie tangi mikono mitupu, ndipo mtajua sato anatambua mtu au kopo.

2. "Silika" nayo idaiwe ushahidi. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa furu wa miambani wa Ghuba ya Mwanza, Pundamilia nyererei, ambao madume wao ni wekundu. Majike waliokulia matangini, wasiowahi kuona dume, niliwaonyesha madume wekundu na wa buluu, wakawaelekea wekundu. Niliandika kurasa 11 kwamba upendeleo huo ni wa kuzaliwa, nikazisoma kikaoni kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Mama mmoja mtunza matangi akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, vifaranga hawa uliwatenga na mama yao lini?" Nilikuwa sijawatenga. Furu jike huatamia mayai kinywani, na hata baada ya kuwatema vifaranga huendelea kuwalinda. Wangu walikaa naye mwezi mzima, wakimwona na kumnusa, nami nikawaita samaki wasiofundishwa kitu. Kazi ya miezi 7 ilianza upya. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2007 Machteld Verzijden na Carel ten Cate waliripoti matokeo ya kubadilishana mayai kati ya nyererei na ndugu yake wa buluu, Pundamilia pundamilia: majike walipokua waliwapendelea madume wa aina ya mama mlezi.

3. Andikeni hali ya maji kila siku, kwa kuwa tope huficha rangi.

4. Neno "anafikiri", kama lile la "wana akili", lidaiwe ushahidi zaidi. Mwaka huohuo wa 2007 Logan Grosenick na wenzake walionyesha kwamba dume wa Astatotilapia burtoni, furu wa Ziwa Tanganyika, akitazama tu wenzake wakipigana wawili wawili, huweza kutambua aliye dhaifu kati ya wawili ambao hajawaona wakikutana. Jaribio la namna hiyo ndilo ninalolitaka madaftarini.

Kesho saa 1 asubuhi tukutane tangi la 4, na kopo libaki stoo.