Sebule yenye giza: dirisha la kutokeza litasaidia, ila kwanza liangalie tundu la ukuta

Mkuu, umesema sebule yako inawashwa taa hata mchana, na fundi amekushauri ubomoe dirisha bapa lililopo uweke lile la kutokeza nje, lenye vioo pande tatu. Ukauliza kama mwanga utaongezeka kweli au ni urembo tu. Mimi ninalo sebuleni kwangu, na nilikuwepo tangu linachorwa hadi linapakwa rangi, kwa hiyo vumilia jibu refu.

Litaongeza mwanga, lakini sababu siyo ile inayotajwa na wengi. Watu hudhani vioo vikisogezwa nje vinakwenda kuuvuta mwanga na kuuingiza ndani. Hapana. Kila mwale unaofika kwenye kochi la nyuma lazima upite kwenye tundu la ukuta, yaani uwazi ulio chini ya lenta (boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha), kati ya ukingo mmoja na mwingine. Ukiacha tundu lile lile la zamani, kisha ukajenga kibanda cha vioo mbele yake, sehemu ya ndani ya sebule itapata mwanga pungufu kuliko sasa. Kibanda kina paa, na paa hilo linaziba kipande cha juu cha anga. Siku ya mawingu mazito anga la utosini huwa na mwanga kama mara tatu ya lile la karibu na upeo, kwa hiyo unachozibiwa ndicho kilicho bora.

Kwa nini basi wanaoliweka wanasema nyumba imeng'aa? Kwa sababu karibu kila mara kazi hiyo huambatana na kupanua tundu. Linavunjwa dirisha la mita moja na nusu, linafunguliwa la mita mbili na nusu, na sifa zote zinakwenda kwa kule kutokeza nje.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza fundi wako ni hili: lenta inakaa wapi? Wabunifu wa majengo wana kanuni ya kukadiria kwamba mwanga wa mchana unaofaa kwa kazi huingia chumbani umbali wa kama mara moja na nusu hadi mbili ya kimo cha sehemu ya juu ya dirisha, kuanzia sakafuni. Kwangu juu ya dirisha palikuwa mita 2.1, maana yake mwanga ulikuwa unachoka kwenye mita tatu au nne, na sebule ni ndefu kuliko hapo. Tukapandisha hadi mita 2.6, karibu kabisa na dari. Hapo umbali unasogea hadi kama mita nne, hata tano. Ukiniuliza leo ni kipi kilichobadilisha sebule yangu, nitakwambia ni nusu mita ile ya juu kabla sijataja vioo vya pembeni.

Na hapa ndipo mafundi wengi huharibu. Wanajenga dirisha zuri la kutokeza, kisha wanashusha dari ya jipsamu pale dirishani ili waweke taa za urembo, au wanapitisha boriti nene chini ya dari kwa kuwa ndiyo rahisi kwao. Mwanga wa juu umekwisha. Boriti lazima iwepo, maana ukuta wa juu unahitaji kubebwa, lakini mwambie mhandisi unataka ipande kadiri inavyowezekana, hata ikibidi iingie usawa wa dari. Chuma hukuruhusu boriti nyembamba kuliko zege kwa upana uleule wa tundu. Hesabu hiyo asiipige fundi kwa macho. Ukuta unaobeba paa au ghorofa hauna mzaha.

Sasa vioo vya pembeni. Faida yake ipo, ila ni ya aina nyingine. Chukua tundu la mita 2.4, dirisha likitokeza sentimita 60, vioo vya pembeni vikilala nyuzi 45 kutoka ukutani. Kioo cha mbele kinabaki mita 1.2, na kila cha pembeni kinakuwa kama sentimita 85. Jumla ni mita 2.9, yaani umeongeza kioo kwa asilimia 20 hivi. Ukiweka pembeni kwa nyuzi 90, mfano wa sanduku, unafika mita 3.6, nyongeza ya nusu nzima. Inavutia kwenye karatasi, lakini mwanga wa nyongeza hiyo unaishia zaidi ndani ya kibanda chenyewe. Ukikaa pale na kitabu au cherehani, unapata mwanga kutoka pande tatu, vivuli vinalainika, macho hayachoki. Kwa mtu anayetaka sehemu ya kukaa, hiyo peke yake yatosha. Kwa mtu anayetaka kona ya nyuma iache kuwa pango, haitoshi.

Kuna jambo moja ambalo pembe hufanya vizuri kuliko kioo bapa. Jua linapokuwa linaparaza ukuta, sehemu kubwa ya miale huteleza juu ya kioo bapa na kurudi nje. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha kama asilimia 90 ya mwanga unaokigonga uso kwa uso, lakini ukishavuka nyuzi 60 za mwinamo kinaanza kuurudisha kwa kasi. Kioo cha pembeni kilicholala nyuzi 45 kinalikabili jua hilo vizuri zaidi. Miale yenyewe haiji moja kwa moja sebuleni. Inagonga kingo za ndani, ubao wa kukalia na sehemu ya dari ya kibanda, kisha inarushwa ndani. Ndiyo maana kwangu sehemu hizo zote nilizipaka nyeupe isiyong'aa. Jirani yangu alipiga mbao nyeusi nzito pande zote, pamependeza kweli, na panameza mwanga kama shimo.

Uangalie pia ukuta wako unatazama wapi. Ukitazama magharibi, vioo vya pembeni vitakuletea jua la jioni lililo chini kabisa, na hakuna kibaraza cha juu kitakachokukinga, maana jua hilo linakuja usawa wa macho. Mito ya kochi itapauka. Kwa ukuta wa namna hiyo ningechagua kutokeza kidogo, sentimita 40 au 45, na pazia jepesi kwa kila kioo. Ukuta wa kaskazini au kusini ni rahisi kuushughulikia, kwa sababu jua la mchana huwa juu na kibaraza kifupi kinalizuia. Kumbuka tu kwamba karibu na ikweta jua hubadilisha upande: kaskazini kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kusini miezi iliyobaki.

Ujenzi wenyewe sitaurefusha. Kama linashuka hadi chini, msingi wake ufike kina kile kile cha nyumba na uunganishwe kwa nondo, la sivyo kibanda kitazama kivyake na nyufa zitatokea pale kinapogusana na ukuta. Kama linaning'inia, libebwe na zege au chuma kilichoingia ndani ya nyumba, si vipande vya chuma vya pembe vilivyopigwa ukutani kwa skrubu. Paa lake mara nyingi huvuja pale linapokutana na ukuta: bati la kuziba liingizwe ndani ya mfereji uliochongwa ukutani kisha lipigwe plasta. Kulibandika kwa silikoni peke yake ni kuahirisha tu.

Fremu nazo zinakula mwanga. Pembe mbili za dirisha zinahitaji nguzo, na nimeona za zege pana kiasi kwamba nusu ya faida ya vioo imepotelea humo. Omba nguzo nyembamba za chuma au alumini. Grili nzito na nyavu za mbu pia hupunguza. Wavu uweke kwenye vipande vinavyofunguka tu, cha mbele kiwe kioo kizima kisichofunguka. Pazia lisining'inizwe kwenye fimbo fupi, maana likikusanywa linafunika vioo vya pembeni mchana kutwa. Fimbo ipite pande zote mbili za tundu, pazia lilale ukutani.

Pale Liverpool, Uingereza, kuna jengo la ofisi linaloitwa Oriel Chambers, lililojengwa mwaka 1864 na msanifu Peter Ellis. Uso wake wote umejaa madirisha ya kutokeza. Kilichoruhusu vioo vile vyote ni fremu ya chuma iliyobeba jengo, ukuta ukabaki hauna kazi ya kubeba. Tundu kwanza, kutokeza baadaye.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi. Kaa kwenye kiti pale panapokukera kwa giza, tazama dirishani. Unaona anga? Ukiona hata kipande kidogo, kupanua na kupandisha tundu kutakusaidia, litokeze au lisitokeze. Kama unaona ukuta wa jirani tu, inama ukiwa hapohapo mpaka uone anga. Kadiri unavyolazimika kuinama zaidi, ndivyo lenta inavyopaswa kupanda. Ukifika sakafuni bila kuliona, basi pesa yako ipeleke kwenye dirisha la ukuta mwingine au kioo cha kwenye paa, hata kama ni kidogo.