Maswali yenu: uchovu, madini ya chuma na tezi za adrenali

Wiki hii karibu kila swali linaanza na "nachoka sana". Nimechagua haya matano. Adrenali ni tezi mbili ndogo juu ya figo, zinatoa adrenalini na kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari.

HB yangu (kiwango cha damu) ni 8, moyo unadunda hata nikiwa nimekaa, mikono ya baridi, usiku silali. Mume wangu anasema ni stress tu. (Mwalimu, Morogoro)

Dada yangu, hiyo sio stress tu. Damu ikipungua moyo unalazimika kukimbia ili oksijeni kidogo iliyopo ifike kote, na chuma chenyewe kikiisha mwili unamwaga noradrenalini, homoni ya mshtuko ndugu wa adrenalini, kuliko kawaida, watafiti walishawahi kuipima kwenye mkojo wa watoto wenye upungufu wa chuma wakaikuta iko juu, wakawapa chuma ikashuka. Ndo maana unajisikia kama mtu mwenye hofu wakati hakuna unachoogopa, na baridi inakupiga kuliko wenzako. Tena hata kutengeneza homoni hizi kunahitaji chuma, kimeng'enya kinachoanzisha safari ya adrenalini kinafanya kazi kwa chuma, na vile vinavyogeuza kolesteroli kuwa kotisoli vingi vina chuma ndani yake. Sasa HB 8 ina chanzo, kitafutwe. Hedhi ni nzito? Minyoo? Vidonda vya tumbo? Unatafuna udongo wa pemba? Wengi mnaficha kwa aibu, msifiche, hiyo hamu ya udongo mara nyingi ni chuma kimeisha. Pima feritini, kipimo cha akiba ya chuma, ikiwa chini ya 15 akiba imekwisha. Na asikupe mtu dawa za usingizi kabla hujapima.

Nimeambiwa adrenali zangu "zimechoka" kwa stress, nauziwa kopo la virutubisho laki na ishirini. Ninunue?

Usinunue. Hili swali nalijibu kila mwezi, madaktari wa homoni hawautambui ugonjwa wa adrenali kuchoka kwa stress, basi. Kinachozilaza adrenali za vijana wetu mtaani ni dexa za kunenepea na mikorogo yenye klobetasoli, zote ni steroidi, dawa zinazoiga kotisoli. Ukitumia steroidi wiki baada ya wiki ubongo unaona kama kotisoli ipo tele, unaacha kuziamrisha tezi, zinasinyaa, siku unaacha ghafla unaanguka. Kama uko huko usikate ghafla, nenda hospitali sema ukweli wakupunguzie taratibu. Nasema hivi hata kwa ambaye hakuuliza, maana najua mpo.

Mwanangu wa miaka 15 ana sikoseli, ameongezewa damu zaidi ya chupa 20 toka azaliwe. Siku hizi hana nguvu, presha inashuka, juzi sukari ilishuka akazimia. Jirani kanipa FEFO nimpe. (Mama, Mwanza)

Mama, hizo FEFO, vidonge vya chuma na foliki, mrudishie jirani leo. Mtoto wa sikoseli anapewa foliki peke yake, chuma hapana, labda kipimo kionyeshe amepungukiwa kweli. Fanya hesabu na mimi: chupa moja nzima ya damu ina chuma kama miligramu 200 mpaka 250, na mwili hauna mlango wa kukitoa, unapoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku. Chupa 20 ni gramu 4 hadi 5, wakati mwili mzima wa mtu mzima una gramu 3 au 4! Kile cha ziada kinaenda kukaa kwenye ini, kwenye moyo, na kwenye tezi. Kinaipenda pituitari, ile tezi ya chini ya ubongo inayoziamrisha adrenali, ikiharibika amri hazifiki na kotisoli inashuka, na adrenali zenyewe pia zinajaa chuma. Kwa wagonjwa wa thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, hili limeonekana sana, kwa sikoseli ni kidogo zaidi ila lipo. Na kotisoli ndo inayoshikilia presha na sukari, kwa hiyo dalili ulizoniandikia zimenitisha kweli, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Waombe wampime kotisoli ya asubuhi saa mbili, majibu yakiwa katikati kuna kipimo cha kuchoma sindano ya kuziamsha tezi waone kama zinaitika. Wasimpime feritini akiwa kwenye maumivu makali maana inapanda yenyewe, wasubiri atulie. Je, amebalehe? Kama bado waambie, hiyo nayo inaweza kuwa pituitari. Na akipata malaria au homa kali akalegea na kutapika mkimbize usiku huohuo, mwili ukiwa vitani unahitaji kotisoli mara kadhaa zaidi na kama haipo mtoto anaondoka.

Dawa za kutoa chuma zipo, deferasiroksi ya kumeza na desferioksamini ya kuchoma polepole chini ya ngozi kwa masaa, ila bei zinaumiza. Ndo maana napigia kelele haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya sikoseli, inapunguza maumivu na inapunguza kuongezewa damu, yaani unazuia chuma kisiingie kabisa. Na jamani mzazi wa sikoseli weka daftari la chupa, tarehe na idadi, usitegemee faili.

Nimeze vidonge vya damu na chai?

Hapana! Wala kahawa, wala maziwa. Na kumeza mara tatu kwa siku hakukusaidii, ukimeza dozi ini linatoa hepsidini, homoni inayofunga utumbo usinyonye chuma kama siku nzima.

Niko mwezi wa tatu wa dozi ya TB, HB haipandi, feritini 240 wanasema nzuri. Nimekuwa mweusi mpaka fizi na natamani chumvi, hata ya kulamba.

Kaka, feritini ya mtu mwenye TB isikufariji, inapanda kwa sababu mwili unapigana, chuma kimefungiwa stoo hakifiki kwenye uboho wa mifupa damu inakotengenezwa. Lakini acha hiyo kwanza, fizi na chumvi ndo vimenishtua. TB inakula adrenali, daktari wa Uingereza Thomas Addison alipouelezea ugonjwa huu wa adrenali kushindwa kazi mwaka 1855 kifua kikuu ndo kilikuwa chanzo kikubwa enzi zile, na kwetu TB bado ipo. Halafu rifampisini iliyo kwenye dozi yako inafanya ini livunje kotisoli haraka, kwa hiyo tezi iliyobaki na nguvu kidogo inazidiwa. Angalia mistari ya viganja na makovu mapya kama navyo vimekolea weusi. Dawa za TB usiache hata siku moja, ila kesho asubuhi uwe hospitali, waambie maneno haya haya, wapime kotisoli, sodiamu, potasiamu na presha ukiwa umelala kisha umesimama. Ukianza kutapika au kizunguzungu leo usiku, usingoje hiyo kesho.