Kutafuta mapacha wanne wa namba tasa wenye tarakimu 400 na kitu: programu zipi, na wapi watu hukosea

Mkuu, umeuliza ni programu ipi itakayokutafutia namba tasa nne za mpangilio wa p, p+2, p+6, p+8, zenye tarakimu zaidi ya 400, kwa kompyuta moja ya nyumbani. Hakuna programu moja. Kuna kuchekecha (kutupa zinazogawanyika kwa namba tasa ndogo), kuna kupima (kama iliyobaki inaelekea kuwa tasa), kuna kuthibitisha, na kila kazi ina chombo chake. Wengi huhangaika na kipimo, kumbe chekeche ndilo linaloamua kama utangoja saa chache au wiki mbili na zaidi.

Anza na primesieve, programu ya kuorodhesha na kuhesabu namba tasa, ingawa yenyewe haivuki 2^64, yaani tarakimu 20. Utaihitaji kama karatasi ya majibu. Andika `primesieve 1e6 -c4`, upate 166, idadi ya mapacha wanne walio chini ya milioni. Kwa 1e9 ni 28,388. Namba hizo ziweke karibu.

Sasa umbo la namba. Usitafute ovyo, tumia n × 997# + 1481, ambapo n ni namba nzima unayoibadilisha na 997# ni zao la namba tasa zote kuanzia 2 hadi 997 (tarakimu 416). Kwa nini 1481? Kwa sababu 1481, 1483, 1487 na 1489 zote ni tasa na zote zimeizidi 997, hivyo hakuna namba tasa yoyote hadi 997 itakayoigawa hata moja kati ya namba zako nne. Ukiweka 821 badala yake, nao pia ni mapacha wanne halali, umekwisha: 821 imo ndani ya 997#, kwa hiyo namba ya kwanza itagawanyika kwa 821 kila mara. Mashine itakesha bila kutoa kitu, wala haitakuonyesha kosa lolote.

Kwa umbo hilo, n moja kati ya takriban milioni 40 huzaa mapacha wanne. Ukipitia n kuanzia 1 hadi bilioni, tarajia kama 25.

Kwa kuchekecha, NewPGen na twinsieve (iliyo ndani ya mtsieve) ni nzuri kwa mapacha wawili wa k·b^n ± 1. Kwa wanne wa umbo hili ni bora uandike chekeche lako kwa C. Halizidi sana mistari mia, na maktaba ya primesieve itakupa namba tasa moja baada ya nyingine. Tenga biti bilioni moja, yaani MB 125. Kwa kila tasa p kuanzia 1009, tafuta kinyume cha 997# kwa moduli p (namba ambayo ukiizidisha kwa 997# na kugawa kwa p, baki ni 1), kisha futa kila n ambayo kwa moduli p ni sawa na −(1481+d) × kinyume hicho, kwa d = 0, 2, 6, 8. Ukifika p = 10^9 watabaki kama milioni 12.3, kwa 10^10 milioni 8.1, kwa 10^11 milioni 5.5. Uache wapi? Pima dakika moja: kama chekeche linafuta wagombea wengi kwa sekunde kuliko kipimo kinavyoweza kuwapima, endelea. Likizidiwa, simama. Sheria nyingine zote za "chekecha hadi hapa" ni za kubahatisha.

Kosa linalouma liko hapa. p ikipita 2^32, kuzidisha masalio mawili hufurika biti 64. Usipotumia __int128 (aina ya namba ya biti 128 kwenye C), utafuta n zisizostahili kufutwa, na idadi ya wanaobaki itaonekana sawasawa kabisa, kwa maana unafuta wengi vilevile, ila si wenyewe. Kati ya 2^32 na 10^10 utapoteza karibu asilimia 14 ya mapacha wako bila kujua. Dawa: programu iandike p, n na d za kila ufutaji wa elfu moja hivi, kisha kwenye PARI/GP (programu ya hesabu za namba) weka `M=vecprod(primes(168))` na uangalie kama `(n*M+1481+d)%p` ni sifuri. Isipokuwa sifuri hata mara moja, usiendelee.

Jaribu pia chekeche lote kwa umbo dogo: 210n + 11, 210n + 101 na 210n + 191, n kuanzia 0 hadi 4761. Jumla lazima iwe 165, ile 166 ukitoa 5, 7, 11, 13. Ukipata pungufu, angalia kama chekeche halijafuta namba tasa kwa kujigawa yenyewe (11 inagawanyika kwa 11, ndiyo, lakini usiifute). Kwenye namba kubwa shida hiyo haipo.

Kupima: OpenPFGW, programu ya kupima kama namba kubwa ni tasa. Faili lianze na

`ABC $a*997#+1481 & $a*997#+1483 & $a*997#+1487 & $a*997#+1489`

halafu n moja kila mstari, na amri ni `pfgw64 -f0 -l faili.txt`. Hiyo -f0 inazuia kugawa upya kwa tasa ndogo, kazi ambayo chekeche limeshaimaliza. Alama ya & inafanya namba ya pili ipimwe pale tu ya kwanza imepita, na ukichekecha hadi 10^10 inapita moja kati ya 24. Kwa hiyo pfgw.log itajaa mistari zaidi ya laki tatu. Usiogope, chuja yenye +1489 tu. Ila kwa tarakimu 425, kitanzi chako cha GMP (maktaba ya C ya namba kubwa) kinaweza kuwa na kasi zaidi. Pfgw huonyesha ubavu kwenye maelfu ya tarakimu.

Kama hutaki kuandika msimbo, rieMiner, programu ya kuchimba sarafu ya kidijitali ya Riecoin, ina hali ya Search. Angalia tu kwamba ConstellationPattern huandikwa kwa nafasi kati ya namba na namba: mapacha wanne ni `0, 2, 4, 2`, si `0, 2, 6, 8`.

Zilizopita hapo bado ni za kudhaniwa. Kwenye PARI/GP, `ispseudoprime` ni kipimo tu. `isprime` ndiyo inayothibitisha, na kwa ukubwa huu haichoshi. Ukipanda hadi maelfu ya tarakimu, uthibitisho ndio unaogeuka mzigo, na hapo watu huhamia umbo la k·2^n. Mapacha wanne wa 2019, wanaoanza na 667674063382677·2^33608 − 1 (tarakimu 10,132), wamepangwa hivyo: −1 na +1 huthibitishwa haraka kwa `-tp` na `-t` za pfgw, na zinabaki mbili tu, +5 na +7, za kupelekwa kwenye Primo au CM, programu za kuthibitisha namba tasa za umbo lolote.