Kwa waimbaji wa sauti ya tatu: usilikamie koo

Naimba sauti ya tatu, yaani tena, sauti ya juu ya wanaume, katika kwaya ya kanisani kwetu, mwaka wa 11 sasa. Mwaka wa tatu niliiharibu sauti yangu. Ilikuwa wiki ya Pasaka: mazoezi kila jioni, ibada tatu Jumapili, nami nakaza shingo kwenye noti za juu ili nisikike kuliko kinanda. Jumatatu niliamka sauti imekauka kabisa. Daktari wa koo akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti, akaniamuru ninyamaze. Nililia, maana niliona kuimba kwangu kumekwisha.

Katika kunyamaza huko ndipo niliposoma habari za ujana wa Luciano Pavarotti, mwimbaji maarufu wa opera wa Italia aliyeimba sauti ya tatu. Naye alitokea kwaya, tena akiimba pamoja na baba yake, Fernando, mwoka mikate wa Modena aliyekuwa na sauti ya tatu nzuri sana. Mwaka 1955 kwaya yao ilisafiri hadi kwenye mashindano ya kwaya kule Llangollen, Wales, ikarudi na ushindi. Wakati huo alikuwa ameshaanza kufundishwa na Arrigo Pola, ambaye hakumtoza hata senti. Pola alipohamia Japani, kijana akaenda kwa Ettore Campogalliani kule Mantova.

Miaka sita ikapita hivyo. Alifundisha watoto wa shule ya msingi, akauza bima, na baba yake akakubali kumpa chakula na malazi mpaka afikishe miaka 30. Jukwaani alipata nafasi chache tu, katika miji midogo, bila malipo. Kisha naye akaota kinundu, akaimba vibaya mno kule Ferrara, akaamua kuacha. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Sauti yake ilirudi baada ya kuamua hivyo, na tarehe 29 Aprili 1961 aliimba nafasi ya Rodolfo katika opera ya *La bohème* mjini Reggio Emilia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukihisi koo linawasha baada ya mazoezi, usinywe tangawizi ukaendelea. Pumzika, na sauti ya kukwaruza ikipita wiki mbili, nenda kwa daktari. Wimbo ukiwa juu mno, mwombe mwalimu ashushe Do, yaani noti ya msingi ya wimbo. Mwalimu mwelewa hatakuona mvivu.

Pumzi ndiyo kazi kubwa. Mwaka 1965, akiwa na miaka minne jukwaani, Pavarotti alizunguka Australia na mwimbaji wa opera Joan Sutherland, na alikuwa akimgusa mama huyo kiunoni na mbavuni ili ajue anavyoishikilia pumzi. Mtu aliyekwisha kuimba London bado anajifunza kupumua! Mimi hulala chali mkekani, mkono tumboni, navuta pumzi mpaka mkono unyanyuke, kisha naitoa polepole kwa "sss". Mabega yasipande.

Halafu irabu. Hapa sisi tumebahatika: a, e, i, o, u zetu ziko wazi, karibu sana na zile za Kiitaliano, na maneno yetu huishia kwa irabu. Chukua neno moja, "baba" au "pole", uliimbe taratibu kwenye noti ya katikati bila kubadili umbo la mdomo. Panda nusu hatua, yaani hadi noti ya jirani kabisa. Shingo ikikaza, rudi ulikotoka.

Mimi nilianza na "a" peke yake, dakika tano kwa siku, na noti ya Pasaka ile niliigusa tena baada ya miezi minane.